Upande wa Nyuma wa Mchezo wa Kodi

Barua yenu nimeipata. Mmeandika kwa adabu nyingi mpaka nikashtuka. Mnasema mchezo wenu wa Tajiri Mkuu unatimiza miaka arobaini tangu boksi la kwanza litoke, na safari hii mnataka kila boksi liwe na karatasi ya historia, ili wanaoucheza wajue ulikotoka. Vizuri. Kisha mkaniletea historia yenyewe ikiwa imeshaandikwa, ukurasa mmoja, na chini mkaniwekea mstari wa nukta nitie sahihi, kwa vile niliwahi kuwa mke wa mgunduzi na mgunduzi mwenyewe ameshafariki. Mnaitaka kabla ya Ijumaa. Mashine inangoja, mnasema.

Nimeisoma. Eti marehemu alikuwa amekaa kibarazani mchana mmoja, akitazama watu wanavyouza na kununua, na mchezo mzima ukamjia kichwani, namba zake na nyumba zake na kila kitu. Loo! Mtu aliyekuwa hakumbuki hata siku aliyozaliwa mwanawe, mchezo mzima ukamjia kichwani. Nimeupiga mstari ukurasa wote kwa kalamu nyekundu na nimewarudishia humu ndani ya bahasha. Najua wapo watakaosema marehemu tumwache apumzike. Apumzike. Lakini asipumzike na kitu cha mtu mkononi.

Mchezo ule ni wa dada yangu. Yuko hai, ana miaka sabini na mmoja, anakaa peke yake chumba cha pili kutoka mwisho, na nyie hamjawahi kumwandikia chochote zaidi ya barua mbili, ya kwanza ya kumhoji na ya pili ya kumwambia aache kuwasumbua. Mlitaka historia, basi nawapa historia yake. Mkiichapa, jina lake linarudi kwenye kitu chake angali anaona. Msipoichapa, mtakuwa mmeiba mara ya pili na safari hii kwa macho makavu. Na humu ndani kuna sehemu yangu pia, mbaya kuliko zote. Nitaifikia, msiniharakishe.

Mama alipofariki alituachia chumba kimoja cha kupanga, kitanda, na meza yenye mguu mmoja mfupi. Dada alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi kumi na mmoja. Wiki ile ile akaenda kuomba kazi kwenye karakana ya kujalidi vitabu, nyuma ya kiwanda cha uchapaji, na msimamizi akamwambia kazi ile inataka mikono ya kiume. Dada hakubishana. Alichomoa kitabu kilichofumuka kutoka kwenye rundo la vibovu, akakaa sakafuni, akakishona kwa kutazama tu jinsi cha jirani yake kilivyoshonwa. Alipomaliza akamrushia msimamizi. Hakumpa, alimrushia. Ndivyo alivyo mpaka leo. Neno "tafadhali" halimo mdomoni mwake, na akikuambia asante ujue anaumwa.

Alikaa pale miaka thelathini na minne. Lazima niwaeleze kazi yenyewe, kwa sababu mchezo umetoka kwenye kazi, haukutoka kibarazani. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi inakuja kubwa kama shuka la mtoto, imechapwa kurasa kumi na sita mbele na kumi na sita nyuma, na ukiitazama kabla haijakunjwa utadhani aliyeipanga alikuwa amelewa. Ukurasa wa kwanza uko pembeni, wa mwisho uko ubavuni mwake, na nusu ya kurasa zimesimama kichwa chini miguu juu. Upande wa mbele una 1, halafu 4 na 5, halafu 8 na 9, hivyo hivyo mpaka 32. Ya 2 na 3 huzioni, ziko nyuma, pamoja na 6 na 7 na wenzake. Sasa ikunje mara nne, kila mkunjo uupitishie kipande cha mfupa ili ulale, na kurasa zote zinajipanga zenyewe, moja hadi thelathini na mbili, vichwa vyote juu. Dada alikunja karatasi za namna hiyo kwa mamia kila siku. Kidole gumba chake cha kulia kimepinda kwa sababu hiyo.

Nilipotimiza miaka kumi na saba akaniingiza na mimi. Kazi yangu ilikuwa kupokea marundo kutoka mashineni. Rundo likishachapwa mbele, unaligeuza, linarudi mashineni lichapwe nyuma, ndipo liende kukunjwa. Mimi nikalichukua rundo zima lililochapwa mbele tu, nikalipeleka moja kwa moja kwa wakunjaji. Likakunjwa, likashonwa, likatiwa jalada. Vitabu mia tatu vya hesabu vya shule, kila baada ya kurasa mbili zenye maandishi kuna mbili nyeupe pe. Siku tatu mimi na dada tulivifumua kwa mkono, bega kwa bega, na hakunisemesha. Kitabu cha mwisho kilipokwisha akanyanyuka, akatangaza karakana nzima isikie kwamba kuanzia leo mdogo wake anaitwa Upande Mmoja. Jina likanikaa. Nililistahili, maana kosa lile nililirudia mara mbili nyingine. Mimi kugeuza kitu huwa nasahau. Hata shati nikilipiga pasi, mgongoni linabaki na makunyanzi.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa na vyumba sita mstari mmoja, na mwenye nyumba alikuwa akija tarehe moja asubuhi na daftari kwapani. Hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa na heshima zake, viatu anavua mlangoni. Lakini alikuwa na jicho. Dirisha letu lilikuwa la mbao, dada akanunua kioo kwa mshahara wake, akakiweka mwenyewe. Tarehe moja mwenye nyumba akakitazama, akakisifu, akapandisha kodi, kwa kuwa chumba sasa kina mwanga. Fundi viatu wa chumba cha tatu akasakafia mbele ya mlango wake, kodi ikapanda. Halafu wapangaji tukachanga tukavuta bomba la maji, na kodi ikapanda vyumba vyote sita, hata cha yule babu aliyekataa kuchanga. Yaani tulikuwa tunamnunulia mtu fimbo ya kutuchapia.

Wenzetu walinung'unika wakalala. Dada hakulala. Alikaa wiki nzima haambiliki hasemezeki, halafu Jumamosi moja akarudi na karatasi kubwa iliyoharibika mashineni, akaitandaza mezani, akachukua rula. Akaipanga vilevile kama karatasi ya kitabu. Vyumba kumi na sita mbele, kumi na sita nyuma, namba zimetawanyika, nusu zimesimama kichwa chini. Mbele kulikuwa kwa mwenye nyumba. Ndani ya kila chumba ameandika jambo: umeweka kioo, kodi inapanda, umevuta maji, kodi inapanda, umeugua, kodi haiugui. Nyuma kulikuwa kwa wapangaji, na huko kodi haiendi kwa mtu, inaingia kwenye kopo katikati ya meza, na kopo likijaa linanunua kitu cha wote. Mchezo akauita Kodi.

Tulicheza Jumapili mchana, wapangaji wa vyumba vyote, kwa vifungo vya nguo, noti za karatasi na dadu moja. Kifungo chako kinatoka 1 kinarukia 4, unaitafuta 5 iko wapi, mnacheka, mnagombana. Dada siku zote alikuwa mwenye nyumba. Hakuna aliyemchagua, alijichagua. Na alikuwa mwenye nyumba mbaya, Mungu anisamehe, alitunyonya kwa raha zake huku akitusifia madirisha yetu. Fundi viatu alikasirika akatupa vifungo uani. Mshona nguo wa chumba cha mwisho alilia kabisa, mtu mzima, kwa ajili ya noti za karatasi. Na hapo hapo, mtu wa kwanza anapoishiwa kila kitu, dada anasema neno moja tu, "Geuza." Tunanyanyua vifungo, tunaigeuza karatasi, na yule aliyeishiwa ndiye anayeanza. Huku nyuma hakuna anayetolewa nje. Nilimuuliza kwa nini anatutesa kwanza, kwa nini tusianze nyuma moja kwa moja. Akasema mtu ambaye hajakasirika hawezi kugeuza kitu.

Akimaliza, anaikunja ile karatasi mara nne, inakuwa kijitabu, anakitia mfuko wa aproni. Mwenye nyumba alikiona mara nyingi. Alidhani kitabu cha sala.

Fundi viatu naye alipokuja kuweka kioo dirishani, tarehe moja iliyofuata wapangaji wote sita wakatoka nje wakasimama mlangoni pake, na babu yule mbishi akiwemo, wakamwambia mwenye nyumba kodi haipandi. Haikupanda. Mwaka uliofuata akatuhamisha mimi na dada peke yetu. Alijua moto ulikotoka.

Sasa namleta huyo mgunduzi wenu. Alikuwa akija karakana kuuza wino na gundi, suti moja, maneno elfu. Tukimwita Bwana Wino. Alijua kumvisha mtu kilemba cha ukoka, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na kichwa kitupu kilichongoja kilemba. Tukaoana. Jumapili moja akakaribishwa kwa dada, akacheza Kodi saa moja tu, upande wa mbele. Alibahatika na dadu, akakusanya vyumba vinne, akaaga akidai ana safari. Aliondoka akiwa anashinda, kwa hiyo neno "geuza" hakulisikia. Njia nzima alikuwa anaongea. Watu wangeununua mchezo ule, akasema, wangeugombania.

Alirudi kumwomba dada. Dada akamwambia hauuzwi, umetengenezwa kwa ajili ya wanaolipa kodi. Akaongeza kwamba akiuona umechapwa popote atajua ulikopitia. Bwana Wino akacheka, akaomba radhi, akambusu mkono. Tulipofika kwetu akaniambia dada yangu ni mchoyo, ana kitu cha maana na amekikalia, na kwamba mimi ndiye pekee mwenye ufunguo wa chumba chake.

Ndiyo. Ni mimi. Jumamosi, saa tano asubuhi, dada yuko kazini, mume wangu ananisubiri nje kwenye pikipiki. Nilifungua mlango, nikakikuta kijitabu kwenye mfuko wa aproni yake ya nyumbani nyuma ya mlango, nikakikunjua juu ya meza ile ile yenye mguu mfupi, nikaweka juu yake karatasi nyembamba inayoonyesha, nikanakili. Namba zote, na zilizosimama kichwa chini nikazichora kichwa chini. Nje honi inalia. Nilipofika 32 nikaona nimemaliza. Nikaikunja ya dada, nikairudisha aproni, nikatoka mbio. Nimekuwa Upande Mmoja maisha yangu yote, na siku ile ndipo nilipovunja rekodi.

Nilikumbuka baada ya wiki, nikiwa nachambua mchele. Nikataka kumwambia mume wangu kwamba bado nusu. Halafu nikaona nikisema hivyo itabidi nirudi tena chumbani mwa dada, na roho yangu ilikuwa imeshanisuta vya kutosha. Nikanyamaza. Kwa hiyo mchezo wenu, ndugu zangu wa kampuni, ambao mmeuuza miaka arobaini kwa watu wazima na akili zao, ni nusu ya mchezo. Anayeishiwa anatoka nje, anakaa pembeni anatazama, kwa sababu pa kwenda hana. Pa kwenda palikuwa nyuma, na mimi sikugeuza.

Alipowauzia nyie ule mchezo, mkauita Tajiri Mkuu, mume wangu alihojiwa redioni. Mtangazaji akamuuliza kwa nini namba 2 na 3 hazipo, 6 na 7 hazipo. Akajibu bila kupepesa kwamba soko lina mapengo na tajiri ni yule anayejua kuruka. Na zile zilizo kichwa chini? Kwa sababu kwenye uchumi wapo waliosimama na wapo waliopinduka. Nasikia mwalimu mmoja wa chuo aliandika kurasa ishirini juu ya mapengo yale. Mfanyakazi yeyote wa karakana ya vitabu, hata anayefagia, angewaambia kwa dakika moja kwamba ile ni karatasi isiyokunjwa na upande wake wa pili umesahauliwa. Hamkumuuliza, na marehemu kichwa kikamvimba mpaka akayaamini maneno yake mwenyewe.

Dada aliliona boksi dirishani kwenye duka la madaftari. Akalinunua. Akaja nalo kwangu, mchana, mimi nina mimba ya miezi saba, nimeweka chai. Alilifungua mezani, akautoa ubao, akautazama. Akaugeuza. Nyuma kulikuwa na rangi ya kijani tupu. Akanitazama mimi, akaniuliza mume wangu kaupata wapi. Nikasema labda aliukariri siku ile alipocheza. Akasema, "Aha." Akanyanyuka. Chai hakuigusa.

Tangu siku ile aliacha kuniita Upande Mmoja. Akawa ananiita bibie, kama anavyomwita mteja. Bibie hujambo, bibie watoto wazima, bibie nimechelewa. Misibani tulikaa jamvi moja, arusi za wanangu alikuja na zawadi zake, na maneno yote tuliyosemezana kwa miaka arobaini ukiyapiga chapa hayajazi karatasi moja. Nilijipa moyo kwamba chuki yake ni ya mume wangu na mimi inanipitia tu.

Mwaka ule ule wa boksi aliwaandikia nyie, akasema mchezo ni wake na mlio nao ni nusu. Barua yake ilifika nyumbani kwangu, maana mliipeleka kwa mume wangu, naye akaisoma kwa sauti mezani akicheka. Mkamjibu alete karatasi ya asili, na aeleze ilitokaje mikononi mwake, ni nani aliyeichukua. Dada hakujibu hilo. Baada ya miezi akaandika tena kuomba jina lake tu liandikwe, mkamwambia aache usumbufu. Mimi nikadhani karatasi ilipotea. Na nikafurahi, siwafichi. Miaka mitatu baadaye mume wangu akaniacha, na hapo ningeweza kusema kila kitu bila kumwogopa mtu. Sikusema, nilikuwa nimeshazoea.

Basi barua yenu ilipokuja nikaenda kwa dada nikamsomea ile historia ya kibarazani. Aliisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bibie, andika ilivyokuwa, uniletee kabla ya Ijumaa." Nikaandika. Niliandika vizuri, nilijitahidi. Niliandika juu ya kioo na bomba na kopo, na namna Bwana Wino alivyoiba karatasi kutoka kwenye mfuko wa aproni. Bwana Wino, peke yake. Juzi saa nne asubuhi nikampelekea.

Chumba chake kina kitanda, meza ile ile, na chini ya ule mguu mfupi kuna gombo la makaratasi lililokunjwa likalingana sawasawa. Macho yake yameanza kupata ukungu, anasoma kwa lenzi, mstari kwa mstari, kidole gumba kile kilichopinda kikifuata. Nilikaa kitandani nikimwangalia, nikingoja hata aseme nimeandika vibaya. Alifika chini. Akaigeuza karatasi. Nyuma kulikuwa kweupe. Akasogeza lenzi juu ya weupe ule, akapita nayo taratibu kutoka juu hadi chini, kama anasoma.

"Bado," akasema.

Nikamuuliza bado nini. Akafungua mtoto wa meza, akatoa kijitabu kidogo chenye jalada la kitambaa cha kahawia, akachukua kisu chake cha kazi, akakata nyuzi za mshono. Kijitabu hakikuwa kimekatwa kingo. Akakikunjua mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mara ya nne, na meza nzima ikafunikwa na Kodi, na mwandiko wake wa ujana. Haikupotea. Aliishona ikawa kitabu na kuiweka pale siku zote, mkono mmoja kutoka nilipokuwa nakaa kila nikija kumwamkia.

"Boksi la mumeo lilikuwa na upande wa mbele tu," akasema. "Karakana nzima ile, nani alikuwa anasahau kugeuza?"

Nikautazama ule mguu mfupi wa meza.

"Nilijua kabla chai yako haijapoa."

Nikamuuliza kwa nini hakuwapelekea nyie karatasi ile mlipoitaka. Angeshinda. Angeshinda siku ile ile.

"Waliuliza nani aliyeichukua. Ulikuwa na mimba ya miezi saba na mume mwizi. Nikutaje?"

Nilipaswa kupiga magoti, najua. Lakini nilikasirika. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Miaka arobaini ananiita bibie, anajua, ananitazama namna ninavyojitia hamnazo, na hasemi. Nikamwambia angenipiga kofi siku ile tukamaliza, kuliko kunichoma taratibu kwa kimya chake, kwamba yeye mwenyewe ni mwenye nyumba mbaya kuliko yule wa daftari, na mengine ambayo hayafai kuingia kwenye boksi la mchezo. Alikuwa anaulainisha ule mkunjo wa katikati kwa kiganja.

"Ningekupiga ungedhani tumemalizana," akasema. "Nilikuwa nakungoja useme."

Halafu nikalia, na yeye akanisogeza mbali, akasema nisilie juu ya karatasi, wino wa zamani hauvumilii maji. Akaniwekea mbele yangu ule ukurasa wangu, umegeuzwa, na kalamu juu yake.

Niliandika pale pale, mezani pake, mambo ya ufunguo na honi na ile karatasi nyembamba. Nilipomaliza akausoma kwa lenzi, mstari kwa mstari, na safari hii alipofika chini hakugeuza. Aliukunja katikati, akaupitishia kile kipande cha mfupa, akanirudishia.

Nyumbani nimeunganisha pande zile mbili, nikaongeza yaliyobaki, ndiyo haya mnayosoma. Ya kwenu ya kibarazani sitii sahihi, ng'o. Haya nimetia. Karatasi ya asili anayo dada, njooni muione mchana kukiwa na mwanga, mvue viatu mlangoni. Mkichapa historia, chapeni na ule upande wa nyuma wa mchezo, vyumba vyote kumi na sita, na jina lake mtamuuliza mwenyewe aliweke wapi. Boksi litakapotoka nitampelekea, na kitu cha kwanza atakachofanya mnakijua.

Nilipokuwa nasimama kuondoka juzi, alikuwa ameshaanza kuikunja Kodi yake, mgongo amenipa mimi.

"Unakwenda wapi, Upande Mmoja?" akasema. "Bandika chai."